Pazia la Waziri wa Haya

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na atakayesema anaijua atakuwa amejitaja mwenyewe. Ni nchi yenye adabu sana. Nyanya ina bei, mkaa una bei, jeneza lina bei. Kazi ya mikono haina. Mwulize kinyozi wa huko, "Kiasi gani?" Atatazama chini, atapangusa mashine yake, atasema, "Wewe tu, bosi." Mwulize aliyekuzibulia choo au aliyekupandishia kabati ghorofani. Jibu ni lile lile: "Wewe tu. Utakavyoona mwenyewe." Nawe unaona, ingawa mara nyingi ni kwa jicho moja.

Atakayetaja bei ya jasho lake, watu hufunika nyuso. Hawamfukuzi wala hawamtukani. Wanafunika nyuso tu, naye anabaki amesimama na bei yake mdomoni kama mtu aliyejamba msibani.

Serikali iliona jambo zuri kama hilo haliwezi kuachiwa wananchi. Ikaunda Wizara ya Haya na Shukrani. Nembo yake ni kiganja kinachofunika macho mawili. Huko ndiko nilikopata kazi.

Sikuajiriwa kwa elimu. Shule niliiacha darasa la tano, nayo haikunitafuta. Niliajiriwa kwa mikono, maana yangu ni mirefu. Siku ya usaili waliniambia nibadilishe taa ya darini bila ngazi, nikabadilisha, wakanipa barua. Cheo changu kilikuwa Mshika Pazia Daraja la Pili. Daraja la Kwanza lilikuwa wazi, likimsubiri mtu mwenye shahada.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Nilisimama kushoto kwa Waziri, Mheshimiwa Ndolezi Fumbwe, nimeshika pazia jeupe lenye fito mbili. Mtu yeyote akitaja bei ya kazi mbele yake, nilitakiwa kulinyanyua haraka, Waziri aone haya kwa faragha. Sura ya Waziri ni sura ya taifa, waliniambia, na taifa haliwezi kugeuka jekundu hadharani. Pazia lilijazwa sufi ndani kama mto wa kulalia, ili hata sauti ya haya isitoke nje. Kwa hiyo lilikuwa zito. Wengine waliojaribu kazi hiyo waliteguka mabega.

Nilikuwa hodari. Siku moja tulikwenda kufungua shule, wanafunzi wakamwimbia Waziri jedwali la saba, na namba hufanana na bei. Nililishikilia pazia juu kuanzia saba mara moja hadi saba mara kumi na mbili. Gazeti la serikali liliandika kwamba haijapata kutokea ibada ya haya ya muda mrefu namna ile.

Jambo moja tu lilinisumbua. Mshika pazia husimama pembeni, kwa hiyo huona pande zote mbili. Mara ya kwanza kabisa kulinyanyua, fundi seremala alikuwa ametamka "elfu kumi" kwa bahati mbaya. Ukumbi mzima ukafunika nyuso. Mimi nikageuza shingo kwa heshima, kisha shingo ikarudi yenyewe. Nilitegemea kuona machozi. Mheshimiwa alikuwa anakula karanga. Alizitafuna bila haraka, akapukuta maganda kwenye tai, akachovya kidole mdomoni na kujipaka mate chini ya macho.

"Shusha," akaninong'oneza.

Nikashusha. Ukumbi ukaona macho yaliyolowa, ukapiga makofi. Mimi mtu wa darasa la tano, nikajiambia huenda haya za wakubwa zinakaa tumboni. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka kazini nasikia uso unawaka, wala sikujua ninawaka kwa niaba ya nani.

*

Sasa niwaambie habari za Ngome Saba.

Ngome Saba ni mchezo wa simu. Mnacheza watu wengi kwa pamoja mtandaoni, kila mmoja na mhusika wake, mnapanda kutoka ngome hadi ngome. Ulianza kama mchezo wa vijana wasio na ajira. Kisha mitihani ya kupandisha vyeo serikalini ikawa inavuja kila mwaka, hadi maswali yakawa yanauzwa pamoja na vitumbua. Serikali ikakaa, ikafikiri, ikafuta mitihani. Ikatangaza kwamba kuanzia hapo cheo cha mtumishi kitafuata ngome aliyofika. Ngome ya kwanza tarishi, ya pili karani, na kuendelea.

Kwenye lango la ngome ya sita analala chatu. Asiyempita chatu hawi kiongozi mwandamizi. Na chatu yule hana adabu ya nchi yetu: hajali tai, hajali kitambi, anameza tu. Kumpita kunataka subira na vidole vyepesi, maana lazima umbembeleze kwa ngoma, pigo kwa pigo, naye hubadilisha mapigo anavyotaka. Wakurugenzi walimezwa hadi wakaanza kuota.

Jirani yangu Siwema aliweza.

Siwema alikuwa msusi. Tulipakana ukuta kwenye nyumba ya kupanga, na kupitia ukuta huo nilikuwa nasikia wateja wake wakisukwa kutwa, kisha wanauliza "Kiasi gani, shoga?" naye anajibu "Wewe tu," kisha kimya, kisha sauti ya sarafu ambayo haichukui muda. Vidole vilivyosuka rasta nyembamba vikamzoea chatu. Mhusika wake aliitwa Bibi Mkwezi, ana kilemba chekundu, na nchi nzima ilimjua. Wakubwa walianza kumletea simu zao, zimefungwa kwenye leso kama mayai, awavushe. Aliwavusha. Kwa Bibi Mkwezi alilipa kodi, akampeleka mdogo wake kwenye ufundi cherehani, na siku moja moja alikula samaki.

Malipo yalikuwa maua. Kwenye mchezo ule, ukimaliza kuvushwa unamtuza aliyekuvusha ua, kama watu wanavyomtuza mwimbaji jukwaani. Ua likitupwa, tarumbeta inalia kwenye simu za wachezaji wote, na sauti inatangaza: "Mheshimiwa fulani ametuza ua! Mwangalieni mheshimiwa!" Jina la aliyevusha halitajwi. Maua yakijaa kikapu unabadilisha kwa vocha ya simu, ile ndogo, nawe unaiuza.

Jioni moja nilimkuta Siwema uani, amezamisha vidole kwenye maji ya chumvi.

"Leo nimemvusha Mkurugenzi wa Barabara," akaniambia. "Asubuhi yote, kaka Mbaruku. Kanituza ua moja. Kaniambia Mungu akuzidishie."

"Naye Mungu huzidisha," nikasema. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma.

"Kanizidishia maua. Niyapike?"

Kesho yake alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Alisimika ubao mbele ya ngome ya sita, ndani ya mchezo, kila mpitaji auone. Ubao ulisema: KUMPITA CHATU SHILINGI ELFU TATU. UKIMEZWA HULIPI.

*

Nilitegemea watu wamkimbie. Walifunika nyuso kweli, siku ya kwanza. Siku ya pili walifunika huku wakichungulia kati ya vidole. Siku ya tatu kulikuwa na foleni.

Nilimwuliza mama mmoja muuza maandazi, Mama Sikitu, aliyekuwa anamlipia mwanawe avushwe apate uongozi, kama hakuona haya.

"Haya zipi, baba? Mimi hiyo 'wewe tu' inanitoa jasho kuliko chatu. Nikitoa kidogo nasemwa. Nikitoa kikubwa watoto wanalala na njaa. Nikiambiwa elfu tatu, ninayo au sinayo, tunaagana. Mtu anajua anapokanyaga."

Nikamwambia maneno hayo asiyarudie mbele ya Waziri. Akaniuliza Waziri mwenyewe anatoa ngapi. Nikaondoka, maana nilikuwa nimechelewa kazini.

Walioumia ni wakubwa. Wao walikuwa wamezoea kutoa ua na kupigiwa tarumbeta. Ubao ule ulikuwa hauna tarumbeta. Mkurugenzi alikuwa analipa elfu tatu sawasawa na mwana wa muuza maandazi, na hakuna aliyeambiwa amwangalie mheshimiwa. Malalamiko yakaja Wizarani kwa gari la serikali. Siwema akaitwa mbele ya Tume Maalumu ya Kuchunguza Utajaji wa Bei Katika Michezo ya Mtandaoni na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Fumbwe. Wajumbe wote walikuwa viongozi waandamizi, maana yake wote walikuwa wamevushwa na Siwema. Hilo lilitajwa mwanzoni kabisa kama ushahidi kwamba wanalifahamu suala hilo kwa undani.

*

Ukumbi ulijaa. Siwema aliketi kwenye kiti kifupi, amevaa gauni lake la sikukuu. Mimi nilikuwa mahali pangu na pazia langu. Aliponiona alinitikisia kichwa kidogo kama jirani, na mimi nikatazama dari.

Mheshimiwa Fumbwe akafungua.

"Ndugu wajumbe, msaada ni kama mvua. Mvua hushuka kwa tajiri na kwa maskini. Nani kati yetu amewahi kuona mvua ikitoa ankara?"

Mjumbe mmoja kutoka Idara ya Maji akanyoosha mkono, akasema idara yake hutoa, kila mwezi. Alitolewa nje kwa utaratibu.

Ukaja mjadala. Profesa mmoja alipendekeza Bei Isiyotamkwa, yaani mtoa huduma aonyeshe kiasi kwa kunyanyua nyusi, kila unyanyuaji elfu moja. Kukawa na hoja nzito kuhusu raia wenye nyusi zilizoungana, kama wao wahesabiwe moja au mbili, na ikaonekana suala hilo liundiwe kamati ndogo. Katibu Mkuu wa Wizara, Mama Leokadia, alileta pendekezo la Shukrani Elekezi.

"Mtoaji ataelekezwa bila kuambiwa," akafafanua. "Kuanzia sifuri kwenda juu, kwa kadiri ya dhamiri."

"Na kama dhamiri ni sifuri?" Siwema akauliza.

"Shahidi hajibu swali kwa swali."

"Mimi si shahidi, Mama. Mimi ndiye mshtakiwa."

"Hata mshtakiwa."

Waziri akainama mbele. "Binti, ulitaja bei?"

"Sikutaja, Mheshimiwa. Niliandika."

"Kuandika ni kutaja kwa mkono."

"Basi na mshahara wa Mheshimiwa umetajwa," Siwema akasema. "Nao si umeandikwa?"

Namba haikutajwa, lakini ukumbi ulivuta pumzi kwa sauti moja na mikono yangu ikapanda yenyewe. Nyuma ya pazia Mheshimiwa alikuwa hana karanga safari hii. Alikuwa anajipepea.

"Mshahara si bei," akasema niliposhusha. "Mshahara ni kutambuliwa. Sasa sikiliza, mwanangu. Sisi si watu wabaya. Simama hapo, mbele ya Tume, useme 'wewe tu.' Mara moja. Halafu uung'oe ubao. Mhusika wako atabaki, utaendelea kutusaidia, na sisi tutaendelea kukuona. Usiposema, Bibi Mkwezi anafutwa leo, na jina lako halitaingia tena kwenye mchezo."

Siwema alitazama vidole vyake. Miaka yake yote ya ukwezi ilikuwa ndani ya kilemba kile chekundu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, alikuwa amelisema maisha yake yote, na wote tuliokuwa pale tulikuwa tumelisema asubuhi hiyo hiyo kabla ya kunywa chai. Sikuona sababu ya kukawia. Nilitaka aseme, twende nyumbani.

"Naomba nifikiri," akasema.

"Fikiri," Waziri akamruhusu. Kisha akakohoa. "Na wakati unafikiri, kuna jambo dogo la kitaifa."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mheshimiwa Fumbwe aliteuliwa kabla ya utaratibu wa ngome kuanza. Alipewa muda wa kumpita chatu, na muda huo ulikuwa unakwisha: Jumatatu Baraza lilikuwa linapangwa upya. Akachukua simu yake kwenye leso. Tume ikaahirisha kesi kwa muda, kiti cha Siwema kikasogezwa kando ya Waziri, ili mshtakiwa amvushe mwenyekiti.

Kwa kuwa michezo ya viongozi lazima ionekane na umma, kwa ajili ya uwazi, wakaiunganisha simu na kioo kikubwa cha ukumbini. Tukamwona mhusika wa Waziri, jamaa mwembamba mwenye misuli anayeitwa Simba wa Taifa. Vidole vya Siwema vikaanza kwenda. Simba wa Taifa akapanda ngazi, akaruka shimo, akafika langoni. Chatu akafumbua jicho. Siwema akapiga ngoma, chatu akaanza kusinzia. Kisha akaacha kidole kimoja tu kikigonga, polepole, cha kumweka chatu mahali pamoja.

"Hapa ndipo watu hulipa," akasema.

Mama Leokadia akainamia sikio lake. "Endelea tu, mdogo wangu. Mheshimiwa si mtu wa kusahau."

"Ubao uko hapo kwenye kioo, Mama. Bado hamjaung'oa."

Waziri akanitazama. "Pazia!"

Sikuelewa. Hakuna aliyetaja namba. Lakini amri ni amri, nikanyanyua, nikalizungusha hadi likawafunika wote wawili, yeye na Siwema. Ukumbi haukujali, ulikuwa unamtazama chatu. Nyuma ya sufi Mheshimiwa akakaa ukingoni mwa kiti, akasogeza kichwa, na uso wake ukabadilika. Ukawa uso ninaoujua. Ni uso wa mtu anayenunua mbuzi.

"Elfu moja," akasema.

Karibu nilidondoshe. Waziri wa Haya na Shukrani alikuwa ametaja bei, na hakuna aliyefunika uso.

"Elfu tatu, Mheshimiwa."

"Elfu tatu ni ya rejareja. Mimi nina ndugu, nina marafiki, nitakuletea watu. Elfu moja na mia mbili."

"Chatu ni mmoja kwa watu wote."

"Mimi ni Waziri!"

"Chatu hajui."

Nikatazama mbele. Sikutaka kuona, lakini masikio hayana mlango. Nimesimama sokoni miaka mingi na sijasikia mtu anapatana kwa ufundi kama ule. Alisifia, akanuna, akajifanya anaondoka ingawa alikuwa hana pa kwenda, akarudi. Akafika elfu moja mia sita. Akataja watoto wake. Akafika elfu moja mia nane. Kila alipopanda mia mbili alipangusa paji la uso kama anayetolewa jino. Nikakumbuka maua yote aliyowahi kutuza, na tarumbeta zake, na mate chini ya macho. Uso wangu ukaanza kuwaka. Uliwaka hadi masikioni. Kumbe alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua mkono wa mtu una thamani gani, hadi mia ya mwisho, na mimi ndiye niliyemshikia kitambaa.

"Sishuki, Mheshimiwa," Siwema akasema. Kidole chake kimoja kilikuwa bado kinagonga. Kilikuwa kimevimba.

"Dada yangu, usiniumize," Waziri akasema, na sauti yake sasa ilikuwa tamu. "Elfu mbili na mia mbili, na kesi nakufutia."

Pazia likashuka.

Baadaye Tume iliniuliza kama nilifanya makusudi. Nilijibu mikono ilichoka. Iandikwe hivyo. Ila nilikwishalishikilia pazia hilo kwa jedwali zima la saba.

*

Maneno "elfu mbili na mia mbili, na kesi nakufutia" yalikwenda hadi mlangoni, yakagonga ukuta, yakarudi. Mheshimiwa alikuwa bado ameinama, kiganja mbele, kama mnunuzi anayengoja kupigwa kiganja biashara iishe. Nilimtazama usoni, na safari hii watu wote walikuwa wanamtazama. Hakukuwa na haya hata chembe. Kulikuwa na hasira kidogo ya mtu aliyekatizwa.

Nilidhani sasa ukumbi utazomea. Nilingoja. Watu wakafunika nyuso.

Wote. Wajumbe kwa makabrasha, Mama Leokadia kwa mkoba wake, Mama Sikitu kule nyuma kwa upande wa kanga. Hawakumfunika yeye, walijifunika wenyewe, ili wasiwe wameona. Wakakaa hivyo. Hata mlinzi wa mlangoni alishusha kofia. Katika ukumbi ule nyuso zilizobaki wazi zilikuwa za Waziri, Siwema, mimi, na chatu.

Siwema aliiweka simu mezani taratibu. Kidole kikaacha kugonga. Chatu akaamka, akamtazama Simba wa Taifa kuanzia viatu, akammeza. Tarumbeta ikalia nchi nzima: "Mheshimiwa Ndolezi Fumbwe amemezwa! Mwangalieni mheshimiwa!" Lakini ukumbini hakuna aliyemwangalia.

"Jibu langu ni hilo," Siwema akasema. "Na kwa kuwa amemezwa, halipi."

*

Tume ilimaliza kazi yake alasiri hiyo hiyo, kwa umoja.

Ilionekana kwamba Waziri hakutaja bei, alikuwa anatoa mfano wa jinsi bei zinavyotajwa, kwa madhumuni ya elimu kwa umma. Ilionekana kwamba mwenye hatia ni Siwema, kwa kosa la kusikia bei bila kufunika uso. Bibi Mkwezi akafutwa kwenye kioo mbele yetu. Kilianza kilemba, kikafuata kichwa, mwisho mikono. Siwema alitazama hadi mikono ilipokwisha. Hakulia. Aliomba maji ya kunywa, na aliyemletea alisema, "Karibu, dada, wewe tu," kwa mazoea.

Mimi nilifukuzwa kwa kosa la kuanika sura ya taifa. Pazia sasa limefungwa kwenye vyuma viwili vilivyochimbiwa sakafuni, halina tena mikono ya mtu.

Mheshimiwa Fumbwe ilikuwa shida kidogo, kwa sababu kanuni zilidai awe amelipita lango. Wataalamu walikaa wikiendi nzima. Wakagundua kwamba aliye tumboni mwa chatu yuko ndani ya ngome kuliko aliyelipita lango kwa miguu. Jumatatu akapandishwa, na siku hizi viongozi wengi wanajipeleka kumezwa wenyewe, ni njia fupi.

*

Sasa mimi ni mbeba mizigo karibu na soko. Mikono bado ni mirefu.

Juzi Siwema alikuja kunitafuta. Hakuweza tena kodi ya chumba cha jirani yangu, alikuwa anahamia ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ya udongo. Ameanza mchezo upya kwa jina la mdogo wake, yuko ngome ya kwanza, anavusha watu mtaro. Nimeambiwa ubao umesimama pale mtaroni. MTARO SHILINGI MIA MBILI. UKITUMBUKIA HULIPI. Nimeambiwa wapo wanaokuja, wamejifunika hadi puani.

Kitanda alishakibeba mdogo wake kwa mkokoteni. Lilibaki godoro.

"Kiasi gani, kaka Mbaruku?" akaniuliza.

"Wewe tu, dada," nikasema.

Nilisikia nimelisema. Lilitoka lenyewe, laini, kama linavyotoka kila siku, na nikatazama chini na kupangusa mikono kwenye suruali, vile vile kama kinyozi.

Siwema akalilaza godoro njiani. Akaketi juu yake.

"Hatuondoki," akasema.

"Dada, watu wanapita."

"Wapite. Nimekuuliza bei."

Watu walipita. Mmoja akauliza kuna msiba gani. Nilijaribu kuhesabu: umbali, reli, kilima, jua. Sikujua pa kuanzia. Mimi niliyeshusha pazia mbele ya serikali nilikuwa sijui bega langu ni kiasi gani. Sikuwahi kuulizwa na mtu aliyetaka jibu. Shingo iliwaka. Nikafumba macho.

"Mia tano," nikasema.

Nikafumbua macho. Hata kinyozi, kwa "wewe tu" yake, hupata zaidi ya hapo, na bahili wa mwisho mtaani angeniona kwa mia nane. Siwema alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyedhani amepona.

"Kaka Mbaruku," akasema, "hiyo ndiyo bei yako?"

Nikainama nikalinyanyua godoro, nikajitwika. Jambo moja zuri la godoro ni kwamba linaning'inia mbele na nyuma, na ukilibeba vizuri hakuna mtu barabarani anayeuona uso wako.